Cheti cha uanachama si leseni

Ukiingia ofisi ya mikopo pale Ngamiani, Tanga, unaweza kukuta cheti ukutani, fremu ya dhahabu, muhuri mwekundu: “Mwanachama wa chama cha wakopeshaji.” Wateja wengi wakikiona hicho roho hutulia. Bure tu. Chama ni cha wenye biashara wenyewe: wanakilipia ada, nacho kinawasemea serikalini. Kinaweza kumfukuza mwanachama, lakini kumfutia leseni hakiwezi.

Leseni ya kukopesha hutolewa na Benki Kuu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Bima iko chini ya TIRA, mamlaka ya kusimamia bima. Na hiyo leseni ya kukopesha isome daraja lake. Daraja la pili ni kukopesha tu, haliruhusu kupokea amana za umma. Kwa hiyo wakikwambia “weka akiba kwanza”, uliza wameruhusiwa na nani.