Taya, shingo na fidla: maswali kuhusu kiegemeo cha kidevu

Shingo inaniuma kila nikimaliza mazoezi. Kosa ni la kiegemeo au la mkao wangu?

Mara nyingi ni la vyote viwili, lakini anza na kiegemeo cha kidevu, yaani kile kibakuli kinachofungwa juu ya fidla ili taya likae. Kikiwa kifupi kuliko nafasi iliyopo kati ya fidla na taya, mpigaji huiziba nafasi hiyo bila kujijua: ama huinamisha kichwa hadi taya liguse, ama huinua bega la kushoto. Misuli ikishikilia hali hiyo saa nzima, lazima iume. Kikiwa kirefu kupita kiasi, kichwa husukumwa nyuma na maumivu huhamia chini ya kisogo. Kumwambia mtu mwenye kiegemeo kisichomfaa "legeza bega" ni kumwonea tu, kwa sababu akililegeza fidla itaanguka.

Nitajuaje urefu unaonifaa?

Pima shingo kabla ya kununua chochote. Simama wima bila fidla, mabega yameshuka, macho yanatazama mbele. Geuza kichwa kidogo kushoto kama ufanyavyo unapopiga. Mtu mwingine asimamishe rula juu ya mtulinga wa kushoto na asome umbali hadi chini ya mfupa wa taya. Usipime mwenyewe: ukiinama kuisoma rula, kipimo kinapungua papo hapo.

Tuseme umepata sentimita 8. Ukingoni, fidla ya mtu mzima ina unene wa karibu sentimita 3.8, kwa hiyo zinabaki 4.2. Toa nyingine 1.5 hivi, takriban upana wa kidole, ili kichwa kipate nafasi ya kutikisika na taya lisikae limebanwa muda wote. Kinachobaki, karibu sentimita 2.7, ndicho kimo cha kiegemeo chako. Kama kiegemeo chako cha bega, kile kinachowekwa chini ya fidla, kinainua fidla ikaachana na mtulinga, punguza pia umbali huo katika hesabu.

Shingo yangu ni ndefu. Si rahisi zaidi kuinua kiegemeo cha bega?

Ni rahisi, ndiyo maana wengi hufanya hivyo na kuhamishia tatizo upande wa pili. Ukiinua kiegemeo cha bega, fidla nzima inapanda. Mkono wa kulia nao unalazimika kupanda ili upinde ufike kwenye uzi wa G, ule mnene kuliko zote, na baada ya muda bega la kulia linachoka. Ongeza kimo juu ya fidla, upande wa taya, na uiache fidla ilale kwenye mtulinga. Kiegemeo cha bega kazi yake ni kujaza uwazi ulio chini ya fidla, basi. Mwenye shingo fupi atafute kiegemeo cha kidevu kilicho bapa, na huenda asihitaji cha bega kabisa.

Kikae katikati au kushoto?

Taya lako ndilo linaloamua. Ondoa kiegemeo, tandika kitambaa laini juu ya fidla ili kulinda rangi yake, iweke begani, kisha teremsha kichwa bila kukilenga mahali popote. Taya likiangukia karibu na kibao kinachoshika nyuzi, tafuta kiegemeo kinachopita juu ya kibao hicho. Likiangukia pembeni, chukua cha kushoto.

Umbo la bakuli lifuate baadaye. Angalia hasa ukingo wake wa nje: ukiwa mrefu na mkali huchimba mfupa, na usipokuwepo kabisa taya huteleza, mtu akaishia kukandamiza. Jaribu kwa kupiga dakika 20 mfululizo, maana dakika mbili za dukani hazifichui kitu.

Nimepata alama nyeusi shingoni. Ni ugonjwa?

Sugu kavu isiyowasha wala kuuma, upande wa kushoto chini ya taya, ni matokeo ya msuguano na mgandamizo. Jasho huizidisha. Pangusa kiegemeo baada ya mazoezi, na ukikifunika tumia kitambaa cha pamba kinachofuliwa mara kwa mara.

Upele mwekundu unaowasha, hasa pale chuma kinapogusa ngozi, ni jambo jingine. Vibanio vingi, yaani vyuma vinavyofunga kiegemeo kwenye fidla, vimepakwa nikeli, na nikeli huwadhuru watu wenye mzio nayo. Dalili ya kukusaidia: je, ngozi huwashwa pia na hereni za bei ndogo au kifungo cha suruali? Badilisha vibanio uweke vya titani. Upele ukiwa pale mbao inapogusa, huenda mbao yenyewe ndiyo chanzo. Jaribu cha plastiki. Daktari wa ngozi anaweza kuthibitisha kwa kipimo cha kubandika vitu vinavyoshukiwa kwenye ngozi. Usijipakie krimu za steroidi kwa kubahatisha, kwani zikitumika ovyo hudhoofisha ngozi.

Nikifunge vipi bila kuharibu fidla?

Ingiza ufunguo, kile kijiti chembamba cha chuma cha kukazia, kwenye tundu la kibanio kwa kina kidogo tu. Ukipenya upande wa pili unakwaruza ubavu wa fidla, kosa linaloonekana kwenye fidla nyingi kuukuu. Kaza vibanio kwa zamu, robo mzunguko kila kimoja, na uache mara kiegemeo kinapokataa kusogea ukikisukuma kwa kidole. Kukaza zaidi kunaweza kupasua mbao. Miguu yake iwe na vipande vya kizibo, na kiegemeo kisiguse kibao cha nyuzi, la sivyo utasikia mlio wa kutetemeka. Baada ya wiki chache kizibo hushindiliwa na vibanio hulegea, kwa hiyo rudia kuvikagua.

Naweza kupiga bila kiegemeo?

Unaweza. Kiegemeo kilibuniwa na Mjerumani Louis Spohr karibu mwaka 1820, wakati fidla ilikuwa imeshapigwa kwa karne kadhaa. Ila mkono wa kushoto utabeba kazi zaidi, hasa unaposhuka kutoka sehemu za juu za shingo ya fidla.

Lini nimwone daktari?

Ganzi au mchomo vidoleni, maumivu ya taya linapofunguka, mdomo usiofunguka vizuri, kidonda chenye usaha, au uvimbe shingoni usiokwisha baada ya wiki mbili. Taya likilia bila maumivu, kwanza chunguza kama unauma meno unapopiga. Nenda na fidla yako: daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ataelewa zaidi akikuona umeishika kuliko ukimsimulia.