Dhana Potofu Kuhusu Python kwa Waliokwishavuka Masomo ya Mwanzo

Katika kufundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Unguja, na katika kujibu maswali ya vijana wa Wete na Chake Chake, nimekuwa nikikutana na mwanafunzi wa aina moja: anajua vitanzi, funksheni, listi na kamusi, anasoma msimbo wa mwenziwe bila ya taabu, lakini ukimuuliza ni programu gani aliyoiandika ikamfaa mtu, hujibu kwamba bado anasubiri. Anasubiri kozi ya akili mnemba, au kompyuta yenye nguvu zaidi. Jibu hilo limenichosha, kwa sababu vijana wenye uwezo hupoteza miaka kwa kulishikilia, na kwa hiyo nitalijadili kwa urefu kabla ya kugusa mengine.

Dhana: Python haina kazi ya maana mpaka ujue akili mnemba.

Ukweli ni kinyume chake. Guido van Rossum alipoitoa lugha hii kwa umma mwaka 1991, akiwa katika kituo cha utafiti cha CWI mjini Amsterdam, haja yake ilikuwa ni kurahisisha kazi ndogondogo za usimamizi wa kompyuta, ambazo kuziandika kwa lugha ya C kulichukua muda mrefu mno. Kazi ndogo ndiyo asili ya Python, na anayeidharau anadharau kile ambacho lugha hii inakifanya vizuri kuliko chochote.

Chukua daftari la mnunuzi wa mwani wa Paje au Jambiani. Karani wake huingiza katika Excel tarehe, jina la mkulima, namba ya simu, aina ya mwani, kilo na bei, na mwisho wa mwezi tajiri hutaka kujua kila mkulima anadai kiasi gani. Mwanafunzi wa kiwango cha kati ataliona jambo hili kuwa jepesi, kwani atalihifadhi jedwali kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa alama, atalisoma kwa csv.DictReader, kisha atajumlisha ndani ya kamusi. Programu itakwenda bila ya kutoa hitilafu yoyote, na majibu yatakuwa si sahihi.

Hapo ndipo elimu yenyewe inapoanza. Excel huichukulia simu kuwa ni namba ya kawaida, hivyo huiondoa sifuri ya mwanzo, na mkulima mmoja hujikuta ameandikwa kwa tarakimu tisa katika mstari mmoja, kumi katika mwengine, na kwa +255 katika wa tatu, nayo kamusi huwahesabu kuwa ni watu watatu. Spinosum, ambayo ni aina moja ya mwani, imeandikwa mara kwa herufi kubwa, mara kwa kifupi, wakati mwengine ikiwa na nafasi tupu mbele yake ambayo jicho haliioni. Kilo kumi na mbili na nusu zimeandikwa 12,5 kwa mkato badala ya nukta. Tarehe ya 03/04 haijulikani ni Machi au Aprili mpaka karani mwenyewe aulizwe. Hakuna hata moja kati ya matatizo haya linalohitaji akili mnemba. Yanahitaji funksheni fupi ya kusafisha kila safu: ya simu iondoe kila kisichokuwa tarakimu, ibakishe tarakimu tisa za mwisho na kuzitanguliza 255, na ikutane na namba pungufu kwa kusimama na kutaja mstari wenye kasoro badala ya kukisia.

Kwenye fedha na mizani nawasisitizia wanafunzi wangu wasitumie float, yaani namba za kawaida za Python zenye nukta. Python ikiulizwa 0.1 + 0.2 hujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu hizo haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo wa jozi, wa 0 na 1, unaotumiwa na kompyuta. Weka shilingi kuwa namba kamili, na kilo uzisome kwa Decimal, aina ya namba inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, moja kwa moja kutoka kwenye stringi.

Vile vile, usilifungue kamwe faili la asili kwa 'w', yaani hali ya kuandika. Kufungua kwa namna hiyo hufuta yote yaliyomo ndani ya faili papo hapo, hata kabla hujaandika herufi moja, na umeme ukikatika wakati huo daftari la mwezi mzima limekwenda. Andika kwenye faili jipya, likaguliwe, kisha ulibadilishe kwa os.replace. Mwanafunzi aliyelikamilisha daftari la namna hii hadi tajiri na wakulima wakakubaliana na hesabu yake amepiga hatua kubwa kuliko aliyemaliza kozi tatu za video.

Dhana: Bila ya intaneti ya kudumu huwezi kufanya lolote.

Moduli za csv, sqlite3, datetime na nyingi nyengine huja pamoja na Python yenyewe, na nyaraka zake rasmi zinaweza kupakuliwa zote. Kifurushi cha ziada hupakuliwa mara moja kwa amri ya pip download, kikachukuliwa kwenye flashi na kusakinishwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao, alimradi mfumo wake na toleo la Python vinalingana.

Dhana: Python ni ya polepole, kwa hiyo haifai kazini.

Kwa daftari la mistari elfu chache suala hili halina uzito wowote.

Dhana: Akili mnemba itaniandikia kila kitu, basi nijifunze ya nini?

Itakuandikia msimbo unaokwenda, lakini haikijui kile usichokieleza. Karani wa nyumba ya wageni ya Nungwi anayeandika "saa 2:00 asubuhi" anakusudia 08:00, na programu isiyofundishwa kuongeza saa sita itampeleka dereva uwanja wa ndege usiku wa manane. Jambo la pili ni tofauti ya saa na mgeni anayepiga simu kutoka Italia: wakati wa baridi ni saa mbili, na wakati wa joto ni saa moja, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Aliyeandika 2 ndani ya msimbo atakosea kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Tumia zoneinfo, moduli ya majira ya saa za nchi mbalimbali iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, ukiitaja Africa/Dar_es_Salaam kwa upande wetu na Europe/Rome kwa upande wao, na ikiwa kompyuta ya mapokezi ni ya Windows, sakinisha kwanza kifurushi cha tzdata, kwani mfumo huo hauna kumbukumbu za majira kwa muundo ambao zoneinfo inausoma.