Taa ya mfuko wa hewa katika gari kuukuu: inayoyasema na isiyoyajua

Geuza ufunguo mpaka dashibodi iwake, lakini usiwashe injini. Kati ya taa zitakazotokea iko moja nyekundu yenye mchoro wa mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua, au pengine herufi SRS tu. Itazame vizuri. Yafaa iwake kama sekunde sita kisha izimike yenyewe, huku taa ya oili na ya betri zikibaki kwa kuwa injini bado haijawaka. Katika muda huo kompyuta ya mifuko ya hewa inajikagua: inapitia waya, sensa na vilipuzi vidogo vya kujaza mifuko.

Isipozimika, kompyuta imeona kasoro. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imezibwa kwa utepe. Na ikiwa inangoja uwashe injini ndipo izimike sambamba na taa ya oili, basi kuna mtu aliyeunganisha waya wake na ule wa oili ili mnunuzi asishuku. Hila hii twakutana nayo katika karakana yetu ya kufundishia mafundi, hasa kwenye magari yaliyopitia mikononi mwa watu wengi. Haihitaji ujuzi mkubwa, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Mombasa ina sababu zake za kulijali jambo hili. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa limepita miaka minane. Kwa hiyo magari mengi hushuka Kilindini yakiwa na miaka sita au saba, na hapo ndipo hesabu ya umri inapokoma. Kikomo ni cha langoni tu. Gari likishapata nambari za Kenya laweza kukaa barabarani miaka ishirini zaidi, likivuka Makupa asubuhi na kurudi jioni, na kubandikwa juani mchana kutwa karibu na hewa ya chumvi. Anayenunua Vitz ya mwaka 2006 leo ananunua mfuko wa hewa wa mwaka 2006, ulioundwa na wahandisi ambao hawakuwa na Februari ya Mombasa akilini mwao.

Kwanza niyaeleze yale ambayo taa inaweza kuyasema. Chini ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringa, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona, ili umeme ufike kwenye mfuko wa dereva. Mafundi wanauita kloku springi. Utepe huo huchakaa na kukatika. Dalili yake ni nyepesi: taa ya SRS inawaka na honi inakufa kwa pamoja, kwa kuwa zote mbili hupitia hapo. Dereva hukimbilia kutengeneza honi, maana bila honi hutafika Kongowea, na ya mfuko akayaacha kando.

Sababu nyingine kubwa hapa kwetu ni maji. Chini ya viti vya mbele kuna plagi za rangi ya manjano zinazohusu mikanda, mifuko ya ubavuni na sensa ya kujua kama kiti kina mtu. Kwenye magari mengi kompyuta yenyewe imefungwa sakafuni katikati, karibu na gia. Gari likiingia maji mpaka kwenye zulia, kama yalivyoingia mengi katika mvua za Novemba 2023, plagi hizo huloa, na wiki chache baadaye shaba huota kutu ya kijani. Mwosha gari anayemwaga ndoo ya sabuni ndani hufanya kazi ileile polepole. Mara nyingi dawa ni kusafisha plagi au kuibadilisha, kisha kufuta kwa mashine alama ya kasoro iliyobaki ndani ya kompyuta. Si gharama ya kumfanya mtu auze gari.

Madereva wengi hawajui kwamba taa ikikaa imewaka, katika magari mengi mfumo mzima huenda umejifunga. Mtu hudhani kasoro iko upande wa abiria, hivyo wa kwake uko salama. Kompyuta haifikiri hivyo. Ikiwa haina hakika na waya mmoja, yaweza kukataa kulipua chochote, pamoja na kile kifaa kinachovuta mkanda wa kiti ukubane sawasawa wakati wa ajali. Kwa hiyo taa moja yaweza kukupokonya vitu viwili.

Sasa niende kwenye kasoro ambayo taa haiijui kabisa. Hii ndiyo nzito zaidi.

Mfuko wa hewa hujazwa kwa gesi inayotokana na kemikali inayoungua. Kazi yote huchukua takriban sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kufumba na kufumbua jicho huchukua muda mrefu zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani ilichagua kutumia naitreti ya amonia, kemikali inayojulikana katika mbolea na katika baruti za migodini, kwa kuwa ilikuwa rahisi na haikuhitaji nafasi kubwa. Tatizo lake ni unyevu. Ikikaa miaka mingi mahali pa joto na unyevunyevu, ikipata moto mchana na kupoa usiku, vidonge vyake huvimba, hupata vitundu na kumeguka. Gogo huungua taratibu, ilhali maranda ya seremala huwaka yote kwa mara moja. Vidonge vilivyomeguka hufanya kama maranda hayo. Gesi huja nyingi kupita kiasi, kopo la chuma hupasuka, na vipande vyake hutoka kupitia kwenye mfuko kuelekea uso na shingo ya dereva. Ajali ndogo ambayo mtu angetoka nayo na mchubuko inaweza kumuua.

Wakati huohuo taa ya SRS imezimika kama inavyotakiwa. Kompyuta hupima njia ya umeme. Haina namna ya kuchungulia ndani ya kopo ikaona hali ya kemikali.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihesabu vilipuzi vya Takata takriban milioni 67 vilivyopaswa kubadilishwa nchini humo peke yake. Duniani kote ni karibu milioni 100, katika magari ya kampuni nyingi. Zaidi ya watu 25 walithibitishwa kufa Marekani, na wengine walikufa kwingineko, Malaysia ikiwemo, nchi ambayo joto na unyevu wake sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Takata iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017. Mamlaka ya Marekani ilipopanga magari yapi yatangulizwe, iliangalia hali ya hewa: Florida, majimbo ya Ghuba ya Mexico, Hawaii na Puerto Rico yakawa mbele. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba aina moja ya vilipuzi, vilivyofungwa katika baadhi ya magari ya Honda na Acura ya miaka ya 2001 hadi 2003, ilikuwa na uwezekano wa kupasuka unaofikia asilimia 50 pale mfuko unapofunguka. Mombasa haikuwamo katika orodha hiyo kwa kuwa si Marekani. Hewa yetu haijui mipaka hiyo.

Kati ya magari yaliyoitwa na kampuni zake yarudishwe ili vilipuzi vibadilishwe ni baadhi ya matoleo ya Honda Fit, Toyota Corolla na Vitz, Subaru Impreza, Nissan X-Trail na Mitsubishi Lancer, mengi ya miaka ya 2000 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hayo ndiyo magari yetu. Ukipiga hesabu utaona pengo liko wapi: gari la mwaka 2006 liliweza kuingia Mombasa hadi mwaka 2013 au 2014, na mwito mkubwa wa kurudisha magari ulipanuka kati ya 2014 na 2016. Gari lilikuwa limeshahama. Barua aliandikiwa mwenyewe wa awali, Osaka au Nagoya, na kwako hapa Bombolulu haikufika. Japani yenyewe ilikaza kamba Mei 2018: magari yenye vilipuzi vya hatari ambavyo havijabadilishwa yakakataliwa katika ukaguzi wa lazima wanaouita shaken. Kwa hiyo gari lililotoka huko baada ya hapo lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa limetengenezwa. Lililotangulia lazima likaguliwe.

Kukagua kwenyewe kuna mtego. Wengi huingia mitandao ya Marekani, wakaandika nambari ya chesisi na kuambiwa haitambuliki, nao wakaridhika kwamba gari ni salama. Mitandao hiyo inataka nambari ya tarakimu na herufi 17. Gari lililouzwa Japani lina nambari fupi, herufi na tarakimu za muundo kisha kistari kisha nambari ya gari, mathalani inayoanza na NCP au GE6. Nambari kama hiyo hutafutwa katika ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyounda gari, ukitumia programu ya kutafsiri ikibidi, au kwa wakala wa kampuni hiyo hapa nchini. Nambari hiyo iko katika kitabu cha gari na imegongwa kwenye bodi. Ilinganishe pande zote mbili.

Baada ya kusikia haya wapo wanaosema afadhali kung'oa mifuko yote. Siafikiani nao hata kidogo. Mamlaka hiyohiyo ya Marekani inakadiria kwamba mifuko ya mbele iliokoa maisha ya zaidi ya watu 50,000 nchini humo kati ya 1987 na 2017. Uking'oa mfuko mzima kwa kuiogopa mibovu, umewaacha watu wako na usukani wa chuma. La kufanya ni kujua wako ni upi. Na wapo wanaosema gari lenyewe sasa bei yake ni ya pikipiki mbili, ya nini kulitengenezea mfuko? Bei iliyoshuka ni ya gari, si ya maisha yako. Tena gari kuukuu lina breki zilizochoka, tairi za mtumba na bodi iliyokwisha kuchomelewa; likigonga, linahitaji vifaa hivyo kuliko jipya.

Mkanda ndio wa kwanza. Mfuko wa hewa uliundwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga hurushwa mbele wakati mfuko ndio kwanza unafunguka, akakutana nao ukiwa katika nguvu zake zote. Vivyo hivyo usiukaribie mfuko: kifua cha dereva kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Mtoto wa kupakatwa kiti cha mbele ni jambo la kukataa hata kama bibi atakasirika, na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi.

Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) na ile ya mfumo wa kuzuia gari lisiteleze zastahili heshima ileile. Mfumo huo wa pili, Japani ilianza kuulazimisha katika miundo mipya ya magari madogo mwaka 2012, na uchunguzi wa Marekani umeonyesha hupunguza takriban nusu ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja pekee. Sensa ya gurudumu iliyojaa matope ya Dongo Kundu yatosha kuuzima.

Kuna mapambo nayo. Baadhi ya magari hapa yana mfuko wa ubavuni uliofichwa ndani ya kiti, wenye mshono maalumu wa kupasukia, na lebo ndogo ya kitambaa husema hivyo. Fundi wa viti akikushonea kava nzuri ya ngozi juu yake bila kuacha mshono huo, amefunga mlango wa mfuko. Zulia la manyoya juu ya dashibodi, pamoja na chupa za manukato na kishikio cha simu kilichogundishwa upande wa abiria, vyote hugeuka mawe mfuko unapofunguka.

Kwa mafundi, na hasa ndugu zetu wanaofunga redio, king'ora na vifaa vya kufuatilia gari: waya na plagi za manjano msiziguse. Msizipime kwa taa ya majaribio wala kwa mita ya kawaida, maana umeme mdogo tu wa mita waweza kulipua. Kabla ya kufungua usukani toa nyaya za betri, kisha ngoja. Kampuni nyingine husema sekunde 90, nyingine dakika tatu, basi chukua tatu. Ukibeba mfuko ambao haujalipuka, uso wake uelekee mbali na mwili wako, na ukiuweka mezani uso utazame juu. Kufunga rizista, yaani kipande kidogo cha umeme kinachoihadaa kompyuta, mahali pa mfuko ili taa izimike ni kumdanganya mwenye gari, na yeye ndiye atakayelipia.

Bado kuna soko la mifuko iliyotolewa katika magari yaliyokatwa. Bei yake inavutia, lakini hujui imekaa wapi, imeloa mara ngapi, wala kama yenyewe ni ya Takata iliyopaswa kurudishwa miaka mingi iliyopita. Mwenye gari akishindwa kabisa kupata mpya, amwulize muuzaji nambari ya chesisi ya gari lililotolewa mfuko huo, aipeleke kukaguliwa kama tulivyoeleza kabla ya kutoa pesa. Muuzaji asipokuwa nayo, kipuri hicho kibaki kwenye rafu yake.