Namba haipatikani: kiwango kimoja chenye majibu manne

Ripoti yangu ya kwanza ya utafiti wa simu niliiandika kwa mbwembwe. Ukurasa wa pili, kwa herufi nzito, niliweka kiwango cha kujibu, yaani sehemu ya watu tuliowatafuta ambao walijibu: asilimia 80. Mzee aliyekuwa akitusimamia, mtu aliyekulia kwenye dodoso za karatasi, aliisoma mpaka hapo, akavua miwani.

"Mwanangu, hii 80 umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Tuliongea na watu 500. 400 walijibu mpaka mwisho, 100 walikataa.

"Na mlipiga namba ngapi?"

Elfu moja, mzee. Hakusema kitu, na mimi nikaanza kutazama viatu vyangu.

Hebu tuzipange namba hizo, kwa maana hapo ndipo penye kazi. Mia nne walimaliza, mia moja walikataa. Mia mbili tulijua kuwa ni watu tunaowatafuta: simu ilipokelewa na mke, na kaka, na mtoto, tukaambiwa mwenyewe yuko shamba, piga jioni; jioni tukapiga, hola. Mia tatu zilizobaki hatukupata hata mtu wa kutudanganya. Kila tukipiga ni yule dada tu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Hao mia tatu ni akina nani? Huenda ni laini zilizokwisha kutupwa. Huenda ni watu waliozima simu kuokoa chaji. Huenda ni laini ya pili ya mtu tuliyekwisha kumhoji kwenye laini ya kwanza. Ukiwahesabu wote kuwa watu halali, unagawanya 400 kwa 1,000 na kupata asilimia 40. Ukiwafuta wote, unagawanya kwa 700 na kupata 57. Ukikadiria kuwa nusu yao ni halali, unapata 47. Ile 80 yangu ilitoka kwenye kugawanya kwa wale 500 tu tuliofanikiwa kuongea nao. Hicho nacho ni kipimo halali, ila huitwa kiwango cha ushirikiano, na mimi nilikuwa nimekivika jina la mwenzake.

Siku hiyohiyo mzee alinitumia waraka wa Chama cha Marekani cha Utafiti wa Maoni ya Umma, AAPOR. Nilidhani chama cha kitaaluma ni kadi ya uanachama na mkutano wa kila mwaka wenye chai na vitafunwa. Kumbe mkutano ndio sehemu ndogo. Waraka ule, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na kufika toleo la kumi mwaka 2023, unaeleza namba za utambulisho za kila kinachoweza kumpata mdodosaji, kuanzia aliyekataa hadi aliyekata simu katikati na simu iliyoita bila kupokelewa, kisha unatoa kanuni sita za kiwango cha kujibu. Kanuni ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Kwake yeye mimi nilikuwa na 40. Hakuna anayekulazimisha kuitumia hiyo. Unachotakiwa ni kutaja uliyoitumia, ili msomaji asilinganishe 40 ya mwenzako na 57 yako akadhani umemshinda.

Chama chenyewe kilizaliwa kwa ubishi wa namna hii. Mwaka 1946 Harry Field, mwanzilishi wa kituo cha utafiti cha NORC, aliwaita watu wa fani hii Central City, mji wa zamani wa wachimba dhahabu huko Colorado. Alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka huohuo. Wenzake walikutana tena Williamstown, Massachusetts, mwaka 1947, wakaunda AAPOR na ndugu yake wa kimataifa, WAPOR. Mwaka mmoja tu baadaye, kwenye uchaguzi wa Marekani, kura za maoni zikampa mgombea Thomas Dewey urais, na wananchi wakampa mpinzani wake, Harry Truman.

Kujichunguza baada ya aibu kumekuwa desturi ya fani tangu hapo. Jopo la chama lililopitia kura za maoni za uchaguzi wa Marekani wa 2020 lilitangaza mwaka 2021 kwamba makosa katika kukadiria kura za taifa zima yalikuwa makubwa kuliko yote kwa miaka 40. Kilichonivutia ni pale waliposema kuwa chanzo hawawezi kukithibitisha. Visingizio vya kawaida, kama wapiga kura walioamua dakika za mwisho, walivipima wakaviondoa. Shaka kubwa iliyobaki ni kwamba huenda waliokubali kuhojiwa walitofautiana na waliokataa kwa namna ambayo hata ukirekebisha kwa umri na elimu huioni. Data za kuthibitisha hilo hawakuwa nazo, wakaliandika hivyohivyo.

Na wanaokataa wamekuwa wengi. Taasisi ya utafiti ya Pew, ya Marekani, ilipata kiwango cha kujibu cha asilimia 36 kwenye simu zake mwaka 1997; kufika 2018 ilikuwa 6. Asilimia 6 peke yake haimaanishi matokeo ni ya uongo. Swali ni kama hao 94 wanafikiri tofauti na hao 6, na hilo huwezi kulipima kwa kuongeza sampuli. Watu elfu ishirini wa aina moja bado ni aina moja.

Nguvu za chama ni zipi basi? Chache mno. Tangu 2014 kina mpango ambao taasisi zinazojiunga huahidi kuweka wazi mbinu zao: nani amelipa, maswali yaliulizwaje, sampuli ilipatikana wapi. Hakipimi kama kazi ni nzuri, kinaangalia kama imefunguliwa. Anayegoma kufungua hukaripiwa hadharani. Mwaka 2009 kilimkaripia mtafiti aliyeongoza utafiti wa vifo vya Iraq uliochapishwa na jarida la tiba la Lancet, kwa sababu alikataa kutoa maelezo ya msingi ya mbinu zake. Hakuwa hata mwanachama, na ubishi juu ya hilo ulikuwa mkubwa. Mimi naona walikuwa sahihi kuuliza, ingawa mimi mwenyewe nisingependa kuwa jaji.

Wenzetu Kenya hawakuliachia aibu jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayechapisha aseme nani amegharamia, sampuli ni ya watu wangapi, lini na kwa maswali gani, na inazuia kuchapisha katika siku tano za mwisho kabla ya kupiga kura.

Siku hizi kwenye fomu zetu "haipatikani" ina namba yake, tofauti na "imeita, haikupokelewa", na hakuna namba ya simu inayofungwa kabla ya kupigwa mara sita kwa nyakati tofauti, ikiwemo jioni na Jumapili. Wadodosaji wanalalamika, nami nawaelewa. Kwenye ripoti naweka viwango vitatu kwa mpangilio, kikali kikitangulia, na kanuni ya kila kimoja chini yake. Mteja mmoja aliniomba nibakize kile kikubwa tu, kingependeza kwenye jalada. Nilimwachia jalada tupu.