Victor Sjöström si yule mzee tu

Wengi wanaomjua Victor Sjöström wamemjua uzeeni, akiwa profesa Isak Borg katika filamu ya mwaka 1957 ya mwongozaji wa Uswidi Ingmar Bergman. Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya kwanza: eti Bergman ndiye aliyemwibua. Kumbe mzee yule alianza kuongoza filamu Uswidi mwaka 1912, Bergman hata hajazaliwa, na kwa Bergman alikuwa mwalimu. Filamu ya Sjöström *Körkarlen* mwanafunzi huyo aliirudia kuitazama karibu kila mwaka.

*Körkarlen* ilitoka tarehe 1 Januari 1921, na wanaoiona leo hudhani mizimu yake iliundwa baadaye maabara. La, ilizaliwa ndani ya kamera. Mpigapicha Julius Jaenzon alipiga kwanza chumba na walio hai, kisha ukanda ukarudishwa nyuma, mzimu akaigiza zamu yake, picha ya pili ikakaa juu ya ya kwanza. Kamera zenyewe zilizungushwa kwa mkono! Mkono ukibadili mwendo kidogo tu, hai na mfu hawaendani. Na mhusika mkuu, mlevi David Holm anayeuchana mlango kwa shoka, ni Sjöström mwenyewe.

Dhana nyingine inaniudhi zaidi: kwamba uigizaji wa filamu bubu ni kutumbua macho na kurusha mikono. Tazama *Ingeborg Holm* yake ya 1913. Mjane maskini ananyang'anywa watoto, wapelekwe kulelewa na wengine. Mwanawe anaondoka, anageuka, anamrudia mbio kumkumbatia tena. Safari ya pili mama anajibanza mlangoni, ili mtoto akigeuka asimwone. Hakuna zaidi ya hapo, na kamera imetulia tuli. Filamu hiyo ilizua mjadala mkali Uswidi kuhusu jinsi maskini walivyotendewa.

Eti Hollywood ilimmeza? Jina ndilo lililomezwa, akawa Seastrom. Kazi haikumezwa: *He Who Gets Slapped* ya 1924 ndiyo filamu ya kwanza ambayo studio ya MGM iliitengeneza yenyewe tangu mwanzo. Kisha ikaja *The Wind* (1928), iliyopigwa katika jangwa la Mojave. Dhoruba ya mchanga unayoiona humo si ya Mungu. Ni injini za ndege zilizokuwa zikimpulizia mwigizaji Lillian Gish mchanga usoni. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba kanda zilibidi ziwekwe kwenye barafu zisiharibike.

Wapo pia wanaoamini kwamba filamu za bwana mkubwa kama huyu lazima zimehifadhiwa mahali fulani. Nyingi za miaka yake ya mwanzo zimepotea kabisa. *The Divine Woman* aliyomwongoza mwigizaji Greta Garbo mwaka 1928 nayo imepotea, isipokuwa kipande cha dakika kama tisa kilichokutwa Moscow: Garbo na mwigizaji mwenzake Lars Hanson chumbani, saa ya kuagana.