Someni Ibara ya 25 Kwanza, Kisha Mumlaumu Mandela

Nimechoka. Sitaki tena kusikia kwamba Mandela "alisaini katiba inayokataza ardhi ya mzungu kuguswa". Nimeisikia kwenye makundi ya WhatsApp, nimeisikia kwenye semina za mawakili, nimeisikia hata kwa kijana aliyefaulu mtihani wangu wa sheria ya ardhi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Juzi ikatoka redioni, kinywani mwa mheshimiwa mmoja aliyeongea kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo mezani wakati inaandikwa.

Haya, tuisome. Mandela aliisaini katiba hiyo ya Afrika Kusini huko Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996, ikaanza kutumika Februari 1997. Mambo ya mali yako ibara ya 25. Ni kweli inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa mujibu wa sheria, na kwamba serikali ikitwaa mali, kuna fidia. Wengi huishia hapo, wakafunga kitabu na kwenda kutukana wazee. Ukiendelea mistari michache tu unakutana na kifungu kidogo cha 3: fidia iwe ya haki, ipime maslahi ya umma pamoja na ya mwenye mali, na katika kuipima yaangaliwe mali inatumikaje kwa sasa, ilipatikanaje, bei yake sokoni, serikali iliwekeza au kutoa ruzuku kiasi gani katika mali hiyo, na inatwaliwa kwa ajili gani. Bei ya soko ni jambo moja kati ya matano, na wala halikutajwa la kwanza. Hilo la "ilipatikanaje" halikuwekwa kwa bahati mbaya. Aliyeliandika alijua kwamba shamba lililonunuliwa kwa mkopo nafuu wa Land Bank, benki ya serikali ya wakulima, enzi za makaburu, kwenye ardhi ambayo Mwafrika alikatazwa kuinunua, haliwezi kuhesabiwa sawa na duka lililojengwa kwa jasho la mtu.

Kifungu cha 4 kinasema mageuzi ya ardhi ni sehemu ya maslahi ya umma. Cha 7 kinawapa waliopokonywa baada ya tarehe 19 Juni 1913 haki ya kurudishiwa au kufidiwa. Cha 8 kinasema hakuna kitu ndani ya ibara hiyo kinachoizuia serikali kuleta mageuzi ya ardhi, alimradi isivuke mipaka ya kawaida ya kubana haki. Huo ndio ukuta mnaosema Mandela aliujenga.

Nadhani najua kosa linatoka wapi. Mnaichanganya Afrika Kusini na Zimbabwe. Mkataba wa Lancaster House wa mwaka 1979 kweli uliifunga Zimbabwe mikono: kwa miaka 10 ya kwanza ya uhuru serikali haikuweza kugusa mashamba yanayotumika bila mwenyewe kuridhia kuuza na kulipwa. Wakenya nao wana kumbukumbu yao, mashamba ya wazungu yaliyonunuliwa kwa fedha za mkopo, mikopo hiyo ikalipwa na wananchi waliokuwa wameporwa ardhi ileile. Sasa mtu anachukua historia ya Harare, anaichanganya na ya Nakuru, anaibandika Pretoria. Ni historia tatu tofauti.

Huo utaratibu wa mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari, ambao kila mtu anautafuta ndani ya katiba ya Afrika Kusini, humo haumo. Upo kwenye waraka wa sera ya ardhi wa mwaka 1997. Sera! Waziri mwingine angeweza kuibadilisha bila kugusa hata nukta ya katiba. Benki ya Dunia ilishauri njia ya soko, ANC, chama cha Mandela kilichokuwa madarakani, kilichokuwa kinaogopa mtaji kukimbia, kikakubali, na wataalamu wa ndani wakaipigia makofi.

Hebu tuitazame hiyo sera ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye uchungu. Kaya maskini ilipewa ruzuku ya randi 16,000 inunue ardhi. Shamba la mzungu halinunuliki kwa randi 16,000, haliko la hivyo. Kwa hiyo kaya zikajikusanya, makumi kwa makumi, zikaunganisha ruzuku, zikanunua shamba moja lililokuwa likiendeshwa na familia moja yenye matrekta, mikopo na soko la uhakika. Ruzuku yote ikaishia kwenye bei. Ya mbegu hakuna, ya dizeli hakuna, pampu ikiharibika hakuna. Hawakupewa haki ya kugawana viwanja, wakaundiwa chama cha umiliki wa pamoja chenye katiba yake, kamati yake na mhasibu asiyekuwepo. Baada ya miaka michache shamba limelala, na magazeti yanaandika kwamba Mwafrika hajui kulima. Ningependa kumwona huyo mwandishi akilima na kaya 60 kwa pampu moja mbovu.

Na muuzaji "aliye tayari" alikuwa nani? Mara nyingi ni yule aliyekuwa na shamba lenye kisima kilichokauka. Mwenye shamba zuri hakuwa tayari.

Ahadi ya mwaka 1994 ilikuwa kugawa asilimia 30 ya ardhi ya kilimo ndani ya miaka 5. Ikasogezwa hadi 2014, na 2014 ikafika haijatimia. Jopo lililoongozwa na rais wa zamani, Kgalema Motlanthe, lilitoa ripoti yake Novemba 2017, likaonyesha kwamba mageuzi ya ardhi yamekuwa yakipata chini ya asilimia 1 ya bajeti ya taifa, na kwamba wenye uhusiano na wakubwa ndio walionufaika. Ibara ya 25 haipangi bajeti, ndugu zangu.

Kuna takwimu nayo inanikera, ile ya asilimia 72. Kila mdahalo lazima aibuke mtu: "Wazungu wanamiliki asilimia 72 ya Afrika Kusini." Ukaguzi wa ardhi wa mwaka 2017 haukusema hivyo. Ulisema kwamba katika mashamba yaliyosajiliwa kwa majina ya watu binafsi, wazungu wana asilimia 72 na Waafrika asilimia 4. Mashamba hayo ya watu binafsi ni kama asilimia 39 ya mashamba yote. Mengi ya yaliyobaki yako chini ya kampuni na mifuko ya udhamini, ambazo hazina rangi kwenye daftari la msajili. Je, hali halisi ni nafuu kuliko hiyo asilimia 72? Sidhani. Lakini kampuni ndiyo itakayokuja kuwa kichwa cha kesi, na anayepiga kelele za asilimia 72 hajaiweka hata kwenye hesabu yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika kama asilimia 7 ya nchi, ile ya 1936 ikaongeza hadi kama asilimia 13, na humo ndimo zilimopachikwa bantustani, vile vijinchi vya kuwatengea watu weusi. Eneo hilo halimilikiwi na wazungu. Mamilioni ya watu weusi wanaishi humo hadi leo, na wengi wao hawana haki ya maana juu ya kiwanja wanachokanyaga. Hapo hakuna kaburu wa kulaumiwa, ndiyo maana hakuna anayetaka kupazungumzia.

Chukua KwaZulu-Natal. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994 ilipitishwa sheria iliyoweka karibu hekta milioni 2.8 chini ya mfuko wa Ingonyama, mdhamini akiwa mfalme wa Wazulu. Wakazi walikuwa na vibali vya kukaa. Miaka ya baadaye mfuko ukaanza kuwasainisha mikataba ya upangaji. Fikiria bibi aliyezikwa babu yake na baba yake kwenye kiwanja hicho, analetewa karatasi inayomgeuza mpangaji, na kodi inayopanda kila mwaka. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ikasema jambo hilo ni kinyume cha sheria, na ikaamuru waliolipishwa warudishiwe fedha zao. Kesi hiyo ilishindwa na mfuko, ikashindwa pia na serikali, kwa sababu waziri mhusika alikuwa amekaa kimya.

Bunge lilijaribu kuweka sheria ya ardhi za kijadi mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ikaifuta mwaka 2010. Kinachowalinda watu hawa hadi sasa ni sheria ya mpito ya mwaka 1996, ambayo hurefushwa kila mwaka kwa mwaka mmoja. Mtoto aliyezaliwa sheria hiyo ilipopita ana watoto wake sasa, na bado ni ya mpito.

Watanzania wenzangu hapa huniambia, "Wangefanya kama Mwalimu, ardhi yote iwe ya serikali." Kwanza, mwaka 1963 tulipofuta umiliki wa kudumu, mashamba ya walowezi yalikuwa sehemu ndogo sana ya nchi yetu, Afrika Kusini ni hesabu nyingine kabisa. Pili, wamefanya! Tangu 2006 serikali yao inanunua mashamba yenyewe, na sera ya mwaka 2013 ikawa kwamba mnufaika anabaki mpangaji wa serikali. Mkulima mmoja mweusi wa Limpopo alikodi shamba la serikali tangu 1991, akaahidiwa kuuziwa, akazungushwa ofisi hadi ofisi kwa miaka, mpaka mwaka 2019 mahakama ikaamuru auziwe. Mpangaji wa namna hiyo, bila hati, hakopesheki, na ofisa wa wilaya akimchukia anaweza kumtoa. Walionufaika na mashamba mengine ya aina hiyo unaweza kuwakisia. Jopo la Motlanthe halikuwaficha.

Ya mijini nitayapita haraka, ingawa yanastahili makala yao. Waliohamishwa kwa nguvu enzi za makaburu kutoka Sophiatown ya Johannesburg na District Six ya Cape Town walidai, na madai mengi ya mijini yalimalizwa kwa fedha taslimu. Kisheria faili limefungwa. Mimi sina hakika kama kumlipa mtu fedha na kumwacha palepale alipotupwa, kilomita nyingi kutoka kazini kwake, kunafaa kuitwa kurudisha ardhi. Nina shaka pia na ile tarehe ya 1913. Najua sababu zake: ukirudi nyuma zaidi madai yanagongana, Mxhosa na Mkhoi wanadai bonde moja. Lakini sehemu kubwa ya uporaji ilifanywa kwa bunduki katika karne ya 19, na tarehe hiyo imeupa huo msamaha wa bure. Vitabu vya kiada huitaja kama jambo lililokwisha. Halijaisha.

Na sasa shaka inayonikosesha usingizi, kwa sababu inagusa hoja yangu mwenyewe. Nasema katiba haizuii. Lakini majaji je? Mwaka 2016 Mahakama ya Madai ya Ardhi ilisikiliza kesi ya familia moja ya Mpumalanga, watu ambao Kenya wangeitwa maskwota: walifanya kazi kwa mwenye shamba ili waruhusiwe kukaa na kulima. Ardhi yao sokoni ilikuwa na thamani ya randi milioni 1.8, mwenye shamba alitaka zaidi ya milioni 4. Mahakama ikapima yale mambo matano, ikapunguza hadi milioni 1.5. Tukashangilia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikairudisha pale pale, milioni 1.8, bei ya soko kamili. Kwa hiyo ibara inasema mambo matano, jaji bado anaona moja. Nafundisha ibara hiyo kama upanga, na kuna siku naona ni ala tupu.

Wizara nayo ni mzigo mwingine. Maelfu ya madai ya watu kama familia ile ya Mpumalanga yalikaa kwenye makabati hadi Agosti 2019, ambapo Mahakama ya Katiba ilikubali ateuliwe msimamizi maalumu wa kufanya kazi ambayo wizara ilishindwa kuifanya. Soma tena: mahakama ilimteulia waziri mtu wa kumshughulikia mafaili.

Baadaye wakaja wa "tubadilishe katiba". Desemba 2021 muswada wa kuruhusu utwaaji bila fidia ulipata kura 204, zilihitajika 267. Waliopinga ni pamoja na EFF ya Malema, chama kilichoianzisha hoja hiyo bungeni mwaka 2018, kwa kuwa kilitaka ardhi yote iwe chini ya dola. Mkiwatafuta walioua muswada, msianzie kwa wazungu peke yao.

Januari 2025 Rais Ramaphosa alisaini sheria mpya ya utwaaji wa mali. Hadi hapo nchi ilikuwa bado inatumia sheria ya makaburu ya mwaka 1975, iliyoishikilia bei ya soko. Kama mnatafuta kizuizi cha kweli, hicho hapo, na kilikaa miaka 30 chini ya serikali ya ANC. Sheria mpya inaruhusu fidia iwe sifuri katika hali chache, kwa mfano ardhi iliyotelekezwa, au inayoshikiliwa bila kutumika ikisubiri bei ipande. Kabla hata haijaanza kutumika, Trump akasaini amri ya kukata misaada, na Mei mwaka huohuo kundi la kwanza la Waafrikana, yaani makaburu, likapokelewa Marekani kama wakimbizi. Wamekimbia sheria ambayo haikuwa imechukua hata shamba moja.

Mimi nasubiri kesi. Siku fidia ya sifuri itakapofika Mahakama ya Katiba nitaisoma hukumu ukurasa kwa ukurasa, na majaji wakiing'ang'ania bei ya soko, mheshimiwa wa redioni atakuwa amepatia kwa sababu isiyo yake.