Lori la pili halileti umeme wa pili

Wiki hii nimeulizwa tena. Wageni wa mtambo wetu wa kuchoma taka na kufua umeme walikuwa wamesimama nyuma ya kioo cha chumba cha kreni, wakitazama makucha yakizama kwenye shimo la taka. Mmoja wao, mtu mzima ambaye kazi yake ni kupanga bajeti, akanigeukia: "Mhandisi, tukiwaletea malori mara mbili ya haya, si umeme nao utakuwa mara mbili?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Swali hilo nimeshalisikia kwa wanafunzi, kwa waandishi wa habari, kwa viongozi, na hata kwa watu waliosomea umeme. Nilikuwa na dakika mbili tu za kumjibu na sikumtosheleza, kwa hiyo ninalijibu hapa.

Hapana. Mara nyingi umeme hautaongezeka hata kidogo, na zipo siku utapungua.

Njia yenyewe nitaipita haraka. Lori linapimwa kwenye mizani, linamwaga shimoni, kreni inachanganya na kulisha mdomo wa tanuri. Taka zinashukia kwenye wavu wa moto, ngazi za chuma zinazosogea na kuzisukuma mbele polepole huku hewa ikipulizwa kutoka chini. Hewa hiyo tunaivuta kutoka shimoni, ndiyo maana harufu haitoki nje. Juu ya wavu taka hukauka kwanza, kisha hutoa gesi zinazowaka, kisha kaboni iliyobaki huungua, na mwishoni majivu huangukia majini. Joto linapanda kwenye boila ambalo kuta zake ni mabomba ya maji. Maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha tabaini, tabaini inazungusha jenereta. Moshi wenyewe haugusi tabaini kabisa. Unakwenda kusafishwa kwa amonia au urea, chokaa, kaboni amilifu na mifuko ya kuchuja, ndipo uruhusiwe kupanda bomba. Kuanzia kwenye mvuke, mtambo huu ni kama mtambo mwingine wowote wa mvuke. Ugumu wake wote uko nyuma ya hapo, kwenye moto.

Tuchukue tanuri lililosanifiwa kuchoma tani 20 kwa saa za taka zenye thamani ya joto, yaani joto linalotoka kila kilo ikiungua, ya megajuli 9 kwa kilo. Zidisha: gigajuli 180 kwa saa, sawa na megawati 50 za joto. Boila limejengwa kwa megawati hizo 50. Mabomba, feni, tabaini, mifuko ya kuchuja, vyote vimepimwa kwa kipimo hicho. Sasa ziingie taka zenye plastiki na maboksi makavu, megajuli 12 kwa kilo. Mtu atasema leo tuna bahati, umeme utapanda. Haupandi. Nikizisukuma tani 20 za taka hizo, joto linakaribia megawati 67 na boila haliwezi kulibeba. Kwa hiyo napunguza mpaka tani 15 kwa saa. Mvuke ni uleule, umeme ni uleule, na malori yanaanza kupanga foleni getini. Taka zimekuwa bora na sisi tumechoma pungufu.

Geuza upande wa pili. Taka zinakuja zimelowa, megajuli 6 kwa kilo. Ili kupata megawati 50 zile zile ningehitaji tani 30 kwa saa, lakini wavu una uwezo wake wa kubeba uzito: labda tani 22, ukizidisha hapo rundo linakuwa nene, hewa haipenyi, na vipande vibichi vinafika mwisho vikiwa havijaungua. Tani 22 za megajuli 6 ni chini ya megawati 37 za joto. Malori yameongezeka, umeme umeshuka kwa zaidi ya robo. Hii ndiyo hesabu niliyotaka yule mgeni aione. Tanuri lina kikomo cha joto na kikomo cha uzito, na taka ndizo zinazoamua utagonga kipi kwanza.

Nibaki kwenye maji, kwa sababu hapo hata wenzangu wa fani hukosea. Maelezo ya kawaida ni kwamba maji "yanaiba joto" kwa kuwa lazima yageuzwe kuwa mvuke na kutoka na moshi. Ni kweli, kila kilo ya maji inachukua karibu megajuli 2.4. Lakini huo ni wizi mdogo. Hasara kubwa ni kwamba maji yamekaa mahali pa kitu kinachoungua. Chukua taka zenye maji asilimia 35 na majivu asilimia 15. Nusu iliyobaki ndiyo inayoungua. Ukikadiria megajuli 20 kwa kila kilo inayoungua, unapata 10, unatoa 0.85 ya kukausha maji, unabaki na kama 9. Sasa maji yawe asilimia 60 na majivu yaleyale. Kinachoungua ni robo tu: megajuli 5, toa 1.5, unabaki na 3.5. Katika anguko hilo la megajuli 5.6, ukaushaji wenyewe umechangia 0.6. Tano nzima zimepotea kwa sababu kwenye lori hazikuwamo. Mizani ilisoma tani ileile.

Kwa hiyo mtu anaponiambia mji wake unazalisha tani kadhaa kwa siku, na papo hapo anazidisha kupata megawati, namkatisha. Nataka kujua unyevu. Nataka kujua msimu wa mvua ukoje, mapipa yana mifuniko au hayana, taka zinakaa muda gani nje kabla ya kuchukuliwa, na nani ameshatoa maboksi na chupa kabla lori halijafika. Mwongozo wa Benki ya Dunia kwa miradi hii unataka thamani ya joto isishuke chini ya megajuli 6 kwa kilo katika msimu wowote, na wastani wa mwaka usipungue 7. Watu wanausoma wastani na kuruka maneno "msimu wowote", kisha mvua za kwanza zinawafundisha.

Joto likishuka, tatizo si umeme tu. Sheria za Ulaya, na za nchi nyingi zilizozifuata, zinadai gesi zikae kwenye angalau nyuzi 850 kwa sekunde 2 baada ya hewa ya mwisho kuingia, ili dioksini na sumu nyingine zivunjike. Kihisi kikisoma chini ya 850, vichomeo vya akiba vinajiwasha vyenyewe, na vichomeo hivyo vinatumia dizeli au gesi. Nimekaa zamu za usiku nikisikiliza vichomeo vikinguruma saa baada ya saa kwa sababu taka zilinyeshewa siku tatu. Usiku wa namna hiyo tunanunua mafuta ili tukaushe maji, na mtu anayetazama taa kutoka mbali anaamini tunafua umeme wa bure. Inaniuma kila mara.

China, ambako taka za nyumbani zina maji mengi, wamezoea kuziacha shimoni siku 5 hadi 7 ili zichuje. Majimaji yanatoka chini, thamani ya joto inapanda, kisha unalazimika kusafisha majimaji hayo, ambayo ni machafu kuliko maji taka ya choo. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inadai shimo kubwa na mtambo mwingine kando.

Jambo hili si geni. Tanuri la kwanza la mji la aina hii lilijengwa Nottingham mwaka 1874, na matanuri hayo yakaenea Uingereza kwa urahisi kwa sababu mapipa ya nyumbani yalijaa mabaki ya makaa ya mawe ambayo hayakuungua yote. Taka zao zilikuja na mkaa wake ndani. Kunakili tanuri bila kunakili pipa ni kosa lenye umri mrefu kuliko umri wetu sote.

Sasa lile ambalo vitabu hulipamba. Thamani ya joto ya taka zinazoingia hatuijui. Kitabu kitakuonyesha sampuli, tanuri dogo la maabara, namba yenye desimali mbili. Sampuli ya maabara ni gramu moja hivi ya unga. Shimo langu lina maelfu ya tani, na ndani yake godoro limelala juu ya majani mabichi karibu na mfuko wa nepi. Gramu gani itawakilisha hayo? Tunachofanya ni kurudi nyuma: tunapima mvuke uliotoka, tunakisia hasara, tunagawanya kwa uzito ulioingia. Boila lenyewe ndilo kipimo chetu, na linatupa jibu baada ya taka kuwa majivu. Ndiyo maana mtu ninayemtegemea kuliko kompyuta yoyote ni mwendesha kreni. Anaona rangi, anaona jinsi mzigo unavyodondoka kutoka kwenye makucha, anachota upande mkavu na kuumwagia upande uliolowa, anarudia, ndipo analisha. Zamu yenye mchanganyaji mzuri mvuke wake umenyooka kwenye skrini. Zamu yenye mtu mwenye haraka, unapanda na kushuka kama homa.

Kuhusu mvuke, watu hushangaa kwa nini hatuupashi kufikia nyuzi 540 na zaidi kama mitambo ya makaa ya mawe. Klorini. Inatoka kwenye plastiki za PVC na kwenye chumvi ya mabaki ya chakula, na mabomba yakiwa moto sana inayala. Wengi tunaishia karibu nyuzi 400 na shinikizo la bar 40, na tunakubali kwamba robo hivi tu ya joto inakuwa umeme. Tani ya taka za kawaida hutupa kilowati-saa 500 hadi 600 za kupeleka kwenye gridi baada ya mtambo kula za kwake. Palipo na mabomba ya kupasha nyumba joto, kama Vienna kwenye mtambo wa Spittelau, joto linalobaki lina mteja. Pasipo na mteja linatupwa hewani.

Mashaka yangu makubwa yako kwenye plastiki. Ndiyo inayobeba moto wangu. Ukiitoa yote kwa urejelezaji, jambo ambalo naamini ni sahihi, thamani ya joto inashuka. Ukiibakiza, kaboni inayotoka bombani ni ya mafuta ya petroli, hata tukiiita nishati jadidifu kwenye vipeperushi. Karibu nusu ya kaboni ya taka za nyumbani hutoka kwenye mimea na nusu kwenye plastiki, na uwiano huo unabadilika kila mtaa unapobadilika. Silipendi neno "safi" linapobandikwa kwenye mtambo wangu bila maelezo. Bomba letu ni safi kwa vipimo: kikomo cha dioksini Ulaya ni nanogramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Kaboni ni hesabu nyingine, na majivu mepesi yanayonaswa na mifuko, yenye metali za sumu kama risasi na kadimiamu, bado ni taka hatari za kuzikwa kwa uangalifu.

Mabaki ya chakula ningeyatoa kabisa, yaende kwenye bayogesi ambako maji si adui. Nimeyasema haya kwenye vikao nikajibiwa kwamba ninajipunguzia tani. Naam, napunguza tani. Yule mgeni nimemwandikia kumwomba vipimo vya unyevu vya mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, vichukuliwe lori kwa lori getini. Akivileta, nitamfanyia hesabu ya megawati mbele yake.